Mwendo Unaoitikia Salamu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapofunga kamba za viatu. Usicheke nikikuita mwanangu. Thelathini sijaivuka mbali, na mvi nilizonazo ni za wasiwasi, si za umri. Lakini nasaha haingoji mtu ang'oke meno, na hii mimi niliipata kwa mtu mzima kweli.

Mtu huyo ni Bi Mize, mdogo wake bibi mzaa mama, aliyenilea hapa mtaani Tibirinzi tangu mama yangu alipofariki kwa kiharusi. Yeye naye ana presha. Daktari alimpa dawa, akamwambia na kutembea atembee. Basi kila baada ya sala ya alfajiri Bi Mize huvaa buibui lake na raba nyeupe, akapanda kilima cha kwetu na kukishuka, huku akiitikia salamu za mtaa mzima. Salamu zetu unazijua, hazina njia ya mkato: utaulizwa weye, nyumba, wagonjwa, mpaka mbuzi. Bi Mize haruki hata moja, na miguu yake haisimami. Nilikuwa nikimtazama kwa nyuma nikijiambia, laiti na mimi nikifika umri ule ningetembea vile.

Mimi nilikuwa namna nyingine. Mazoezi nilijifunza peke yangu kwenye simu, na mimi jambo nikilijua nusu hujiona nimeshachelewa kulijua lote. Nikaijua ile hesabu: chukua mia mbili na ishirini, toa umri wako, huo ndio ukomo wa mapigo ya moyo kwa dakika, mazoezi ya wastani yawe baina ya nusu na robo tatu ya hapo. Nikanunua saa ya kupimia mapigo. Ikisoma chini ya nilivyopanga, najiona mvivu. Ikisoma juu, naogopa kufa. Nilidhani nimeivaa saa, kumbe saa ndiyo ikinitembeza.

Kisha hofu ikahamia kwa Bi Mize. Mtu anayezungumza njia nzima, moyo wake unafanya kazi gani? Nilishamzika mama yangu. Sikutaka kumzika na huyu kwa sababu sikupiga hesabu vizuri. Asubuhi hiyo nikamvisha yeye saa yangu.

"Hii nayo yala nini?" akaniuliza.

"Chaji, Bibi."

"Basi yenyewe imeshakula. Mie bado hata uji."

Tulipoanza kupanda, saa ilisoma mapigo machache mno, chini kabisa ya hesabu yangu. Nikamwambia, "Bibi, hujafika. Ongeza." Akaongeza. Namba ikapanda kidogo tu. "Bado, Bibi." Akaongeza tena, hakubisha, kwa kuwa aliniamini. Macho yangu yalikuwa mkononi mwake. Usoni sikumtazama.

Mzee Kombo, muuza mikate ya boflo, akatupita na Vespa yake. "Assalamu alaykum, Bi Mize!"

Bi Mize akafungua mdomo, kisitoke kitu. Vespa ikaenda mbele, ikapunguza, ikageuka.

"Bi Mize, kuna ugomvi mie sijaambiwa?"

Akainua mkono tu. Mzee Kombo akanigeukia mimi. "Yakhe, mtu huyu umemfanya nini? Siku aliyong'olewa jino aliniitikia, leo anyamaze?"

Ndipo nilipomtazama usoni. Midomo imekauka, jasho limelowesha ukingo wa mtandio, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Na saa bado inasema hajafika. Tukamkalisha kwenye baraza ya jirani. Maji niliyoletewa, kwa pupa nikayamwagia mikate ya Mzee Kombo. Pumzi ilipomrudia, neno lake la kwanza lilikuwa: "Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, Kombo. Ilikuwa njiani yaja."

Mzee Kombo akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikalia.

Bi Mize hakunikaripia kwa sauti. Aliivua saa, akaniwekea kiganjani. "Mjukuu wangu, mkono wangu umeuuliza njia nzima. Mwenye mkono hukumuuliza hata mara moja."

Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo. Nesi akampima, akamkuta salama, kisha akanieleza nisilolijua: zipo dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, na ya Bi Mize ni mojawapo. Mapigo yake hayapandi kama ya wengine hata akiwa amechoka hoi. Tena hesabu ile ya umri ni makisio, hata kwa asiyetumia dawa. Nguo ya kuazima haisitiri, mwanangu.

"Ajipime kwa pumzi," nesi akasema. "Aweze kuzungumza, asiweze kuimba."

"Kuimba siwezi hata nikiwa nimekaa," akasema Bi Mize.

Kesho kutwa yake alitoka tena, pole pole, kama aliyekwenda kudai haki yake. Hakuniogopa wala hakuniacha nyumbani. Hapo ndipo heshima yangu kwake ilipokua. Mtu wa kujikosoa kama mimi angefunga mlango mwezi mzima. Yeye alipunguza mwendo, basi. Na mpaka leo anatembea, tena kilima anakimaliza nikiwa mimi ndiye ninayehema.

Basi shika haya. Saa si adui, ninayo na ninaivaa, lakini iwe shahidi, isiwe hakimu. Ukitembea na unaweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukizungumza bila tabu ila wimbo hautoki, hapo ndipo pako pa siku nyingi. Ukishindwa kumaliza sentensi, hayo ni mazoezi makali. Ni ya siku chache na ya mwili uliokwisha kuzoea. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, simama, na umwone daktari. Kama unatumia dawa, muulize kabla hujaanza. Wala usimpimie mwenzio kwa kipimo chako hata kama unampenda, hasa kama unampenda. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mola akupe moyo wenye nguvu usio na kiburi, akutulizie hofu zako, na wale waliokulea akubakishie uwafaidi kwa muda mrefu. Amin.