Siku Mama Alipotia Komeo

Wiki iliyopita, katika nyumba mpya kule Fumba, nilimwona fundi akibadilisha biti ya drili, kile chuma cha kutobolea, na waya ungali umechomekwa ukutani. Nikamwambia achomoe kwanza. Akacheka.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtaani Ng'ambo, Mama aliishika drili ya Baba kwa mara ya kwanza. Alivaa miwani ya jua ya Baba ili vumbi lisimwingie machoni. Kila alipobadilisha biti alichomoa waya, akaikaza biti kwa ufunguo mdogo wa drili, akautoa ufunguo, ndipo akachomeka tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Aliniambia aliteleza msalani, nami nikaamini. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa Baba ndiye aliyeupinda.

Ubao wa mlango ulitoa harufu ya kuungua.

"Unatia nini, Mama?"

"Komeo."

"La wezi?"

Alipuliza vumbi kwenye tundu. "Ehe. La wezi."

Nikafurahi. Nilidhani Baba atamsifu akirudi, maana tundu zote nne zilikaa sawa, kama zile alizokuwa akitoboa Baba mwenyewe.

Baada ya magharibi Baba alisukuma mlango, haukufunguka. Akaniita kwa jina, taratibu.

"Naam, Baba," nikaitika, nikainuka.

"Kaa," alisema Mama.

Nikakaa. Baba aligonga, akagonga tena. Kisha nikasikia kandambili zake zikiishia uchochoroni.

Mama akanipakulia wali. Nikaula wote.