Maji ya Kulowekea Muhogo

Kiangazi kile nilimpeleka binti yangu likizo kwa bibi yake, mama mkwe wangu, Mkata. Mimi nikabaki Korogwe kusahihisha mitihani ya baiolojia. Jumamosi nikapanda basi na madumu mawili ya maji, maana lambo lao lilikuwa limekauka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema mama mkwe, amekaa mkekani. Hakuinuka kunipokea mizigo. Nikadhani amenuna kwa kuwa nimechelewa.

"Shikamoo mama. Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Kajilaza ndani. Kichwa kinamuuma tangu ale ugali wa mchana."

Nilimkuta amejikunja kitandani, ametapika kwenye beseni. Ugali wenyewe ulikuwa wa muhogo mchungu, ule unaolowekwa hadi uvunde, ukaanikwa na kusagwa. Nikatoka hadi uani. Ndani ya pipa vipande vya muhogo vilizama katika maji mazito, yenye povu.

"Mama, haya maji ya lini?"

"Yale yale ya muhogo uliotangulia, na wa kabla yake. Yana uchachu, muhogo unalainika upesi. Na maji mengine nitayatoa wapi, mwanangu?"

Darasani huwa nadondosha tone la wino kwenye glasi ya maji. Kitu hutoka penye wingi kwenda penye uchache, nawaambia wanafunzi, na pande zikishalingana hakipungui tena. Sumu ya muhogo hutoka vivyo hivyo, ikiyafuata maji safi. Maji yaliyokwisha kushiba sumu ya muhogo mwingine yatapokea nini? Nimelifundisha somo hilo miaka yote bila wasiwasi, na leo lilikuwa tumboni mwa mwanangu.

Nilimweleza mama mkwe kwa ukali, nikampakia mtoto kwenye bodaboda hadi zahanati. Wakamtundikia dripu. Nilikaa nikimkodolea macho kifuani, naogopa hata kupepesa. Jua lilipopoa akaomba soda. Nililia mbele za watu, sikujali.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa pale pale mkekani. Alikuwa amemwomba jirani amwage pipa lote na kuloweka upya kwa maji yangu ya Korogwe.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Amekula ugali huo mara ngapi?"

"Leo tu. Siku zote nampikia wali, mchele ndio umeisha."

Nikashusha pumzi. Kisha nikamtazama vizuri. "Na wewe je, mama?"

Alishika ukuta, akajaribu kuinuka. Magoti yakakataa.

"Mimi nakula huo tangu lambo likauke," alisema. "Miguu imeanza kunigomea wiki hii. Nikasema ni uzee."

Nikakimbilia barabarani, nikipiga kelele kumwita yule bodaboda kabla hajafika mbali.