Karatasi ya Alaimenti na Futi ya Mke Wangu

Gari yangu iliingia msibani yenyewe.

Sikusinzia, sikulewa. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, hapa hapa Kasingirima. Simu ilidondoka miguuni, nikainama kuiokota. Sekunde mbili tu.

Nainua kichwa, gari imeshakata kushoto, imeacha barabara, imezoa kamba za turubai la wafiwa na kusimama mbele ya masufuria ya wali. Wapishi walitimua mbio na miko mikononi.

"We baba, umekuja kuzika au kuzikwa?" bibi mmoja akaniuliza.

Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka.

Naitwa Hamdani. Ni afisa kilimo, mzaliwa wa Korogwe. Nilihamishiwa Kigoma miaka sita iliyopita, nikaoa Ujiji. Naandika haya mnicheke, maana nastahili.

Ugonjwa wa gari ulianzia kwenye shimo moja njia ya Simbo. Tangu siku ile usukani umekaa upande, na ukiulegeza kidogo gari inakwenda kushoto kama ina hawara huko.

Jioni ile ya msiba mke wangu, Mwanakheri, alitoka nje na futi yake shingoni. Yeye ni fundi cherehani. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori, na kuna mambo alimwonyesha.

Akachora alama za chaki kwenye matairi mawili ya mbele. Akapima yalivyoachana kwa mbele. Akaniambia nisukume gari taratibu mpaka alama zihamie nyuma ya matairi. Akapima tena.

"Baba Salha, kwa mbele yameachana sentimita mbili zaidi. Yanatazama nje kama miguu ya bata. Tumwite Egide alegeze nati, mimi nipime, yeye akaze."

Egide ni jirani yetu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia hapa. Hana bango, hana kompyuta, anafungua magari uani kwake.

Nilicheka kicheko kirefu cha kijinga.

"Mama Salha, hii ni gari, si gauni. Alaimenti, huo unyoofu wa matairi, inapimwa kwa kompyuta."

"Kompyuta inapima nini ambacho futi haikioni?"

"Inapima kwa mwanga!"

Nilijibu hivyo, wallahi. Mpaka leo sijui nilimaanisha nini.

Kesho yake nikaenda kwenye gereji moja mjini yenye bango kubwa. Mwenyewe anaitwa Selestini, diploma yake imetundikwa ukutani. Alivaa ovaroli jeupe lisilo na hata tone la oili. Fundi wa magari, jamani, mweupe kama mpishi wa hotelini, na mimi nikaona ndiyo utaalamu huo!

Akawasha skrini. Ikachora matairi manne, yote ya kijani. Akabonyeza kitufe, karatasi ikatoka.

"Mkuu, gari sasa imenyooka kama rula."

Ile karatasi niliibandika ukutani, juu kidogo ya cherehani ya mke wangu. Makusudi.

Gari ikaendelea kwenda kushoto.

Nikampigia Selestini. "Mkuu, gari haina tatizo," akasema. "Barabara za Kigoma ndizo zimelalia ziwani."

Nikaamini. Mtu mwenye diploma! Hata nilipokuwa narudi nyumbani kutoka mjini, ziwa likiwa kulia kwangu na gari ikivuta kushoto, niliendelea kuamini.

Mwanakheri akapima tena. "Sentimita mbili zile zile. Hawajagusa kitu."

"Unashindana na mashine?"

Alikunja futi akaingia ndani.

Wiki tatu baadaye nilimpeleka mama mkwe Kalinzi kumwona dada yake mgonjwa. Tukarudi mchana na mikungu ya ndizi nyuma. Kwenye mteremko nikasikia pwaa! Tairi la mbele kushoto limepasuka.

Usukani ukanitoka mkononi. Gari ikaruka mtaro, ikalaza migomba kama sita, ikasimama. Hatua chache mbele palikuwa na korongo.

Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kifuani. Ulikuwa umevunjika.

Hakulia. Alinitazama akasema taratibu, "Mkwe wangu, kumbe wewe huendeshi. Unaendeshwa."

Sijawahi kupigwa kofi zito kama hilo.

Lile tairi, upande wa nje lilikuwa na meno mazima kabisa. Upande wa ndani, unaosuguliwa tairi likitazama nje, lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana.

Mama alipofungwa plasta hospitali, nilibandua karatasi ukutani nikaenda kwa Selestini nikichemka. Nilikuta watu kama kumi wanasubiri, na dada mmoja anafoka mbele yao. Anaitwa Diana, dereva wa bajaji.

"Bajaji yangu inayumba! Juzi umenipa karatasi kwamba imenyooka!"

Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Nikaiweka sambamba na yangu. Namba zile zile. Vipimo vile vile mpaka nukta. Matairi manne ya kijani.

Manne.

"Kaka Selestini," nikamuuliza, "bajaji ina matairi mangapi?"

Akazigeuza karatasi zote mbili, akazigeuza tena.

"La nne..." akaanza, "la nne ni la akiba."

Watu waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Diana alizunguka nyuma ya mashine, akarudi na kamera ya kupimia matairi ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Haikuwahi kufunguliwa. Kilichokuwa kikifanya kazi pale ni skrini na printa.

Sikumcheka Selestini kwa muda mrefu. Yeye alitudanganya sisi, lakini mimi nilijidanganya mwenyewe, tena nikabandika ushahidi ukutani.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Nimekosa."

"Mwambie mama, mwenye mkono uliovunjika," akanijibu bila kuinua macho.

Nikaenda Ujiji nikapiga magoti mbele ya mama mkwe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanituma nimchotee maji. Nilichota siku zote alizovaa plasta.

Gari ilipotolewa migombani na kuvalishwa tairi jipya, Egide alikuja na spana mbili. Mwanakheri akashika futi.

"Bado kidogo," anasema mke wangu.

"Ego, mama," anajibu Egide kwa Kirundi, yaani ndiyo, anazungusha.

"Hapo hapo. Kaza."

Nusu saa haikufika. Tukaijaribu barabarani, nikaulegeza usukani. Gari ikaenda mbele.

Sisemi gereji zote ni za matapeli, na sisemi kila mwenye futi ni fundi. Nasema hivi: kipimo unachoweza kukiona kwa macho yako, kione. Na anayekuambia ukweli akiwa amevaa kanga uani kwako, usimwache ukamfuate mwongo kwa sababu tu ana printa.

Mimi niliuona ukweli mara mbili, kwenye futi, sentimita mbili. Aliyeulipia ni mama wa watu, kwa mfupa wake.