Bi Suad Hasemi

Posa ikija, watu huulizia. Wala sioni ubaya wake, ndivyo tulivyokuta. Kijana anaswali? Ana mkono wa kupiga? Kwao kuna kifafa, kuna wazimu? Ungekuwa Wete, Pemba, ungewauliza majirani, na kabla ya magharibi ungeshajua mpaka babu yake alikufa na nini. Huku Wembley, London, jirani yako ni Mgujarati upande mmoja na Muairishi upande wa pili, na wote wawili hawajui hata jina lako. Ndipo akina mama wa kwetu walipomkumbuka Bi Suad, nesi aliyekuwa akipima watu tangu asubuhi mpaka jioni, wakaona wamepata mpelelezi wa bure.

Walikosea mtu.

Bi Suad alizaliwa Wete, akaja London kwa njia ya Mombasa mwaka 1974, bado msichana, wakati hospitali za huku zilikuwa zikiwatafuta wanafunzi wa unesi kwa udi na uvumba. Alifanya kazi wodi ya wazee, akasomea ukunga, kisha akawa nesi wa mitaani, akipanda ngazi za maghorofa ya Harlesden kufunga vidonda vya vikongwe waliomwita “darling” huku wakisogeza pochi zao mbali naye. Mumewe alichoka na baridi, au na mke asiyekuwepo nyumbani, akenda zake Maskati akaoa mwengine. Mtoto hawakujaaliwa.

Alipokaribia miaka arubaini alirudi darasani. Kulikuwa na mafunzo mapya ya manesi watakaoweza kumpima mgonjwa wenyewe, kuutambua ugonjwa, kumtibu au kumpeleka kwa bingwa, bila kungoja daktari awaambie. Alipomaliza, akapata kazi katika zahanati moja ya Wembley, kwa Dokta Avtar, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru aliyemwamkia kila asubuhi kwa Kiswahili cha dukani. Alipewa chumba cha mwisho wa korido. Humo aliona kisukari, presha, pumu za watoto, mimba zilizotakiwa na zisizotakiwa. Kitu kimoja tu hakuruhusiwa: miaka hiyo nesi hakuwa na haki ya kuandika kila dawa. Basi akimaliza kumpima mtu na kujua hasa anachohitaji, huinuka na cheti cha dawa mkononi, akabisha hodi kwa Dokta Avtar atie sahihi yake. Dokta hutia sahihi bila kusoma. Mnaniambia hiyo ni sheria ya watu wenye akili?

Watu wa kwetu wakambandika jina la Nesi Daktari, nusu sifa, nusu kejeli.

Na alikuwa hasemi. Hasemi nani anaumwa nini, hasemi hata nani ni mgonjwa wake na nani siye. Akimkuta mgonjwa dukani Ealing Road anachagua bamia, hamwamkii mpaka mwenyewe aanze, kwa sababu pengine yuko na wifi yake, na wifi atauliza: huyu nesi umemjulia wapi? Alipita katikati ya watu aliowajua mpaka mapigo ya mioyo yao, uso mkavu, mkoba kifuani. Watu wakasema ana maringo. Kwenye harusi akikaa meza hii, wanawake wawili watatu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli meza ile. Si kwamba walimchukia. Alikuwa anawajua mno.

Nyumba moja tu ilimfungulia mlango bila hesabu, nayo ni ya Bi Zuwena, hapo hapo Wembley. Walijuana tangu Pemba, wasichana wa mtaa mmoja. Bi Zuwena alikuwa mjane, mwenye mwili na sauti, mpishi wa kutisha. Kila Jumapili Bi Suad alikwenda kwake, akavua viatu, akala mkate wa kumimina, akasema Kipemba chake mpaka ulimi ukatulia. Wiki nzima alikuwa akiingoja siku hiyo. Ungemwondolea Jumapili ile, angebaki na nini? Televisheni, na mvua.

Humo nyumbani waliishi wanawe wawili wa Bi Zuwena. Miska, binti, alifanya kazi benki. Suhaib, kaka yake, alikuwa karani, na mwaka 1997 alikwenda Unguja akaoa, akarudi na mkewe, Afra.

Haukupita muda Afra akaingia chumba cha mwisho wa korido, akakaa ukingoni mwa kiti.

“Bi Suad, shikamoo. Nina jambo, lakini naogopa.”

“Marahaba mwanangu. Likiingia humu halitoki.”

Afra alikuwa na kifafa tangu utotoni. Vidonge alivyokuja navyo vilikuwa vinakaribia kwisha. Mamake alimwapisha asimwambie mtu, mume wala mavyaa, yaani mama mkwe, na posa ilipokuja watu wa upande wa mume huko Unguja waliulizia, wakadanganywa. “Akijua mama Zuwena,” alisema, “nitarudishwa na sanduku langu.”

Bi Suad alimpeleka kwa bingwa hospitalini, akabadilishiwa dawa kwa ile isiyotishia sana mimba, akaanzishiwa vidonge vya foliki, vya kumkinga mtoto, mapema kabla hajashika mimba. Alimwambia asijifunze gari kwa sasa, na alale vya kutosha. Ramadhani ilipofika walipanga pamoja: kidonge kimoja na daku, kimoja na futari. Ramadhani za miaka hiyo ziliangukia Desemba na Januari, mchana mfupi, mwili ukastahimili. Hakuanguka tena. Bi Zuwena alilalamika tu kwamba mkwe wake mvivu, analala kama mtoto mchanga, na gari hataki kujifunza. Alilalamika kwa Bi Suad, Jumapili, na Bi Suad akatafuna mkate wake.

Ndipo Munir akaleta posa ya Miska. Munir alikuwa fundi umeme, kijana wa watu, na Miska alikuwa akimtaka. Hilo hata kipofu angeliona. Jumapili ikafika. Bi Zuwena alimvutia shoga yake jikoni.

“Haya, n'ambie. Huyu Munir yukoje?”

“Zuwena, mimi watu siwasemi. Unajua.”

“Sikwambii umseme. Nakuuliza mzima au si mzima.”

“Siwezi kusema chochote.”

Bi Zuwena akageukia sufuria. Bi Suad alidhani yamekwisha. Kumbe yameanza. Wiki ile ile posa ikarudishwa, na akina mama wakaambiana kwenye simu: Nesi Daktari kaulizwa, kanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kusema. Kijana ana maradhi.

Maradhi gani? Kila mmoja alichagua lake.

Munir alimngojea Bi Suad nje ya zahanati jioni moja, mikono imejaa vumbi la kazi.

“Bi Suad, mimi nimekukosea nini?”

“Hujanikosea, mwanangu.”

“Mimi si mgonjwa wenu! My GP, daktari wangu, yuko Neasden. Hujapata kunishika hata mkono. Nenda kamwambie mama Zuwena maneno hayo tu. That's all.”

“Siwezi.”

“Kwa nini? Si kweli?”

Alikuwa karibu kulia, mtu mzima yule. Bi Suad aliona uchungu wake wote, na alijua kwamba sentensi moja ingemsafisha. Alijua pia itakayofuata. Leo akisema huyu si wangu, kesho ataulizwa wa pili, na pale atakaponyamaza ndipo watakapochimba. Na wa pili huyo alikuwa anaishi nyumba hiyo hiyo ya Zuwena.

“Pole sana, Munir,” alisema, na akenda kituoni.

Asubuhi Afra alikuja chumbani kwake. Alikwisha kuyafahamu yote, si mjinga. Alikaa akizungusha bangili mkononi.

“Nimwambie mama?” aliuliza. “Nikisema yangu, utaweza kusema ya Munir.”

“Wewe unataka?”

Afra alifikiri mpaka macho yakajaa. “Sitaki.”

“Basi,” alisema Bi Suad. “Tupime presha.”

Jumapili iliyofuata Miska hakushuka chini. Alikuwa hali chakula, hasemi, amejifungia. Bi Zuwena alikuwa amekonda uso. Kwa haki yake, alikuwa amejuta, na hakuwa mwanamke wa kujuta kirahisi.

“Suad,” alisema, “mwanangu ananifia juu. Sikuulizi ugonjwa. Nakuuliza jambo dogo. Huyu kijana anatibiwa kwako au hatibiwi? Ukisema hatibiwi, nampigia simu mamake sasa hivi.”

Afra aliingia na sinia la chai. Alisimama.

Bi Suad alifungua mdomo. Naapa alitaka kusema. Alimpenda Miska, alimshika tangu mtoto mchanga. Mkunga wake alikuwa yeye.

“Na ukishanijibu hilo,” aliendelea Bi Zuwena bila kugeuza kichwa, “uniambie na huyu mkwe wangu anakuja kwako kila mara kutafuta nini. Maana mtoto simwoni.”

Suhaib, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, alimtazama mkewe, kisha akamtazama nesi. Sebule nzima ilikuwa inamtazama nesi.

“Kwangu wanakuja watu wengi,” alisema Bi Suad. “Simsemi yeyote. Munir, Afra, wala wewe, Zuwena. Hata ningekuwa sijawahi kumwona mtu maishani mwangu, jibu langu lingekuwa hili hili.”

“Mimi ni mtu yeyote kwako?”

Bi Suad alitazama viatu vyake pale mlangoni.

“Miaka yote hii umekula kwangu,” alisema Bi Zuwena, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. “Vaa viatu vyako, Suad. Usirudi.”

Alivaa. Afra alikuwa ameshaweka sinia chini na kukimbilia jikoni. Hakuna aliyemfungulia mlango, aliufungua mwenyewe.

Munir alikwenda Dubai kutafuta kazi, na huko huko akaoa. Miska alihamia Leicester na posa nyingine hakuzisikiliza. Bi Suad alizipata habari hizo kwa mbali, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Hakuwahi kujipa moyo kwamba alifanya jambo zuri. Aliwavunja vijana wawili ili binti mmoja abaki kwa mumewe, na kila alipofikiria hesabu hiyo ilimuuma upya. Mialiko ilikatika. Idi mosi alikwenda kazini, kwa kuwa afadhali kazini. Jumapili alipanda basi mpaka mwisho wa njia na kurudi, alimradi awe kati ya watu.

Afra aliendelea kuja. Alishika mimba mwishoni mwa 1999. Bi Suad alimfuata mwezi kwa mwezi, akaandikiana na hospitali, akalala na wasiwasi wake usiku kama mimba ni ya mwanawe. Mtoto akazaliwa mwaka uliofuata, wa kiume, mzima. Bi Suad alijua tarehe ya kuzaliwa kwake kabla ya mashangazi. Kwenye arubaini hakualikwa, na wala hakutarajia.

Siku ya chanjo ya kwanza Afra alikuja na mavyaa wake. Bi Zuwena aliingia chumbani amembeba mjukuu, akakaa, akamweka mapajani. Bi Suad alimwamkia kwa Kiswahili. Hakujibiwa. Akaandaa sindano, akamchoma mtoto paja hili na paja lile, upesi, na mtoto akapiga ukelele kisha akatulia.

“He is all right, nurse?” aliuliza Bi Zuwena.

Kiingereza. Kiingereza kile kile kibovu alichowasemesha makondakta wa mabasi. Tangu wangali wasichana Wete, mpaka siku ile, hawakuwahi kusemezana hata neno moja la lugha hiyo.

“Mzima, mashaallah,” alisema Bi Suad. “Amejaa afya.”

“And the mother? She is all the time coming here.”

Afra alikuwa akimfunga mtoto vifungo. Vidole vilisimama.

Bi Suad alitazama mikono ya shoga yake, iliyonenepa, yenye hina ya zamani kwenye kucha. Ilikuwa karibu sana. Angenyoosha mkono tu, angeishika.

“You must ask her,” alisema.

Bi Zuwena alingoja kidogo, labda kwa ajili ya neno jingine. Halafu akainuka, akamfunika mtoto.

“Thank you, nurse.”

Akatoka. Afra alibaki nyuma mlangoni, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, akitaka kusema kitu. Bi Suad alimtikisia kichwa.

“Nenda, mwanangu,” alisema. “Mavyaa wako anakungoja.”

Alipokwisha kutoka, aliufunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akalia kwa sauti, na mgonjwa wa pili akasubiri.