Ufunguo wa Kabati la Wino

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ukungu kule juu Ngorongoro ambayo hainitoki kichwani. Ndiyo asubuhi niliyopewa ufunguo mdogo nikautia mfukoni. Laiti ningesema, "Mkuu, kazi hii mpe mtu mwingine." Nilisema, "Sawa, Mkuu," nikatoka ofisini kwake nimenyoosha mabega kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyonieleza kwenye simu juzi. Umesema hapo kwenye kampuni yenu ya watalii, Karatu, wino wa printa unaisha upesi kuliko inavyotakiwa, na bosi wako amekuomba uchunguze kimyakimya ni nani anayeuchukua. Ukasema tayari kuna mtu unamtilia shaka. Sauti yako ilikuwa na furaha kidogo, mwanangu, na furaha hiyo mimi naijua. Kwa hiyo tulia, usome mpaka mwisho kabla hujamgusa mtu.

Ilikuwa miaka ya themanini, wewe bado unanyonya. Nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa maji ya mifugo, na ofisi yetu ilikuwa ukingoni mwa kreta, mahali ambapo shati ulilofua mwanzo wa wiki unalivaa mwisho wa wiki likiwa bado bichi. Mradi ulituletea mashine ya kuchapa, ya umeme, pana kama jokofu lililolazwa. Ilichapa ratiba za zamu za kunywesha ng'ombe, matangazo ya chanjo na ramani za mabirika ya kunyweshea. Haikutumia wino wa majimaji kama ile ya kurudufu mitihani tuliyoijua shuleni. Hii ilitaka wino wa unga, mweusi, laini kuliko masizi, uliokuja ndani ya chupa za plastiki.

Ndani ya mashine kulikuwa na kitu ambacho fundi alikiita jicho. Jicho lilipima unga, na likiona umepungua, mashine ilijimiminia mwingine kutoka kwenye tangi lake. Tangi likiwa tupu, taa nyekundu iliwaka, na mtu akaongeza chupa mpya. Unga uliozidi au uliochakaa ulidondokea chini, kwenye chombo cha taka. Kikumbuke hicho chombo.

Mtu wa kuongeza chupa alikuwa Lemayian. Tulisoma naye sekondari ya bweni, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, yeye Mmasai wa Olbalbal na mimi Mwiraqw wa Daa. Tulipenda kutaniana.

"Wewe mla mahindi," alikuwa akiniambia, "ukiona ng'ombe unafikiria jembe tu."

"Na wewe ukiona ng'ombe wa mwenzako unafikiria amepotea njia ya kuja kwako."

Tulicheka wote. Lakini yeye alicheka kwa moyo wote, na mimi sikuwa hivyo. Nilikulia katika nyumba ambayo baba alifunga mlango wa zizi kwa gogo, na kila mnyama alipopotea tuliambiwa tutazame upande wa Wamasai. Maneno hayo niliyameza nikiwa mdogo, na sikujua kama yalikuwa bado tumboni mwangu.

Ulipozaliwa wewe, mama yako alipoteza damu nyingi akabaki kitandani bila nguvu. Lemayian alipanda kutoka Olbalbal akiswaga kondoo mnene mwenye mkia mzito wa mafuta. Alimchinja uani kwetu, yeye mwenyewe akayayeyusha mafuta ya mkia ule kwenye sufuria, na mama yako akayanywa pamoja na supu mpaka akaweza kusimama. Maziwa uliyonyonya yalitoka kwa kondoo yule. Kwao, mtu akimpa rafiki yake mnyama, majina yao ya zamani yanaachwa. Wanaitana kwa mnyama yule aliyetolewa. Kwa kondoo, wanaitana Paker. Basi tangu siku ile nikawa Paker kwake, naye Paker kwangu. Hata mbele ya Mkuu wa mradi, akija stoo: "Paker, nipe rimu." Watu wa ofisini walidhani ni jina la ukoo.

Masika yalipokuja, wino ukaanza kuisha vibaya. Lemayian alikuwa akija dirishani kwangu akitikisa kichwa. "Paker, huyu nimemnywesha jana tu, leo ana kiu tena. Ng'ombe gani huyu?" Mimi niliandika, nikampa chupa nyingine, tukacheka.

Ndipo Mkuu akaniita. Alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyotutisha.

"Funga mlango. Wewe na yule wa mashine mnakula sahani moja, siyo?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi nakuambia wewe kwanza, nisije nikakuweka kapu moja naye. Wino unatoka hapa. Arusha wapo watu wanaununua."

Kijana wa leo huwezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Ilikuwa miaka ya uhaba. Kipande cha sabuni kilifichwa chini ya mto, na kila aliyeonekana na mfuko uliovimba aliitwa mhujumu uchumi. Mkuu akafungua droo, akatoa ufunguo. "Huu ni wa pili wa kabati la wino. Asijue kama upo. Uwe unaingia asipokuwepo, utazame, uniambie."

Nimeshakuambia nilichojibu.

Nilichukua msumari nikakwaruza alama ndogo chini ya kila chupa mpya, mahali ambapo mtu hatazami. Kisha nikaanza kuangalia. Na mwanangu, ukishaanza kuangalia, kila kitu kinakujibu unachotaka kusikia. Lemayian alikuwa na weusi kwenye kucha: nikasema, kumbe. Alinawa mikono kwa muda mrefu: nikasema, anaficha. Aliniomba chupa zilizokwisha wino. Nilipomuuliza ni za nini, alicheka, "Za kumfanyia usafi ng'ombe wako." Nilimpa zile tupu nikajisemea kwamba huyu ananipiga mafumbo. Kila Jumamosi mchana alipokuwa akiteremka kwao, mfuko wake wa turubai ulikuwa umetuna. Soko la wino, kama lilikuwepo, lilikuwa Arusha, na njia ya Arusha inapita Karatu. Yeye aliteremka upande wa pili, kwenye uwanda mkavu usio na duka wala karatasi. Hilo peke yake lilitosha kunizindua. Mimi nikasema, mjanja huyu, amekubaliana na mnunuzi wake wakutane nyikani.

Akaniletea maziwa kwenye kibuyu kama kawaida yake. Nilishukuru, nikakiweka kando, sikunywa. Aliona.

Wiki ile ile akaniambia, "Paker, Jumamosi tushuke wote. Kuna kitu nimekijenga, nataka macho yako."

"Nina kazi nyingi," nikamjibu. Moyoni nilikuwa nikisema, anataka kuniingiza ili nami nifungwe mdomo.

Ijumaa nilimweleza Mkuu kila kitu. Jumamosi, Lemayian alipokuwa akiaga, Mkuu alimsimamisha pale varandani mbele ya madereva na wachimba mabirika. "Fungua mfuko." Akaufungua. Ndani kulikuwa na shuka, mkate, na chupa ya wino iliyojaa unga mweusi.

"Hii ni nini?"

"Mavi ya mashine, Mkuu," alisema Lemayian.

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakuwa anatania. Akaanza kueleza kwamba ile ni taka inayodondokea chini, kwamba shimo letu la takataka liko juu ya chemchemi wanakokunywa ng'ombe, na kwamba mvua ikinyesha unga ule utateremka mpaka majini. Mkuu hakumsikiliza. Akanigeukia mimi.

"Geuza chupa. Kuna alama?"

Lemayian akanitazama akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyepata shahidi wake. "Paker, waambie. Chupa tupu si wewe unayenipa?"

Nikaigeuza. Alama ilikuwepo. Bila shaka ingekuwepo, kwa kuwa chupa ile niliikwaruza ikiwa mpya, ikaisha wino, nikampa tupu kwa mkono wangu mwenyewe, naye akaijaza taka. Unga mpya na unga wa taka kwa macho ni kitu kimoja. Hayo yote yalinipita kichwani nikiwa nimesimama pale, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikuyafikiria. Lakini kuyasema kungekuwa kukiri mbele ya wote kwamba nimempeleleza rafiki yangu na bado nimekosea. Nikasema, "Ipo."

Mkuu, kwa kunisifu, akaongeza kwamba ni bahati mtunza stoo alikuwa na ufunguo wa pili. Lemayian akaangalia mfuko wa suruali yangu, mahali mkono wangu ulipokuwa umekwenda wenyewe. Akaikunja shuka yake polepole, akaacha mkate, akaacha chupa.

"Kumbe, Boay," akasema. Jina langu la nyumbani. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu ulipozaliwa. Akateremka, na ukungu ukamfunika kabla hajafika kwenye kona.

Alifukuzwa kazi. Mashine nikapewa mimi.

Na wino ukaendelea kuisha. Niliufungia kabati, nikabeba funguo zote mbili shingoni, na bado taa nyekundu iliwaka kama zamani. Halafu nikaona Mkuu ananitazama kucha. Mhasibu alikuwa akinyamaza nikiingia. Siku moja nilikuta chupa zangu zimesogezwa kidogo, nikajua kuna mtu mwingine ana ufunguo wa tatu. Nilijua pia kwamba nikiapa, hakuna atakayeniamini.

Fundi alipokuja kutoka Arusha, nilimwomba afungue mashine mbele ya Mkuu. Alivuta chombo cha taka kikiwa kimefurika. Akasugua unga kwa vidole, ukashikana kama ugali mkavu. "Nani aliwaambia mweke mashine hii kwenye unyevu?" akauliza. "Unga ukipata ukungu unaganda, jicho linadanganyika. Linaona upungufu wakati ndani umejaa, linaagiza mwingine, na wote unamwagika huku chini. Mmekuwa mkinunua wino wa kutupa." Kisha akauliza, "Awali taka hizi alikuwa akizitoa nani? Alikuwa akisafisha vizuri sana."

Mkuu akakohoa, akasema ana mgeni. Mimi nilibaki.

Nilinunua kondoo mnadani, nikamswaga mpaka Olbalbal. Lemayian alikuwa na ng'ombe, miguu yake imejaa vumbi jeupe. Alinikaribisha vizuri kabisa. Mke wake alinipa maziwa, nikayanywa yote. Kisha akanichukua mpaka kwenye korongo kavu, mbali na njia ya maji, akanionyesha shimo refu lililozungushiwa boma la miiba ili ndama wasiingie. Pembeni yake chupa zangu tupu zilikuwa zimepangwa, midomo imetazama chini.

"Hiki ndicho nilichotaka ukione," alisema.

Nilimwambia nimekosa. Nilimweleza habari ya ufunguo, alama na kimya changu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo.

"Nimesikia, Boay. Sina neno na wewe."

"Basi pokea kondoo."

Akamtazama yule kondoo, akatabasamu kidogo, kwa mara ya mwisho mbele yangu. "Kondoo wangu yuko kwenye mifupa ya mwanao. Huyo wako utamweka wapi? Rudi naye, njia ni ndefu na yeye ana kiu." Akamnywesha kwanza, kwenye maji yake machache, ndipo akatusindikiza.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Bosi wako akikupa ufunguo ambao mwenzako hajui kama upo, urudishe mezani pale pale, hata kama utaonekana mwoga. Wino ukiisha, fungua mashine kabla hujafungua mfuko wa mtu. Angalia hizo printa zenu zimewekwa wapi, na zinamwaga nini. Kisha nenda kwa huyo unayemtilia shaka, mchana, mbele yake, umuulize kwa maneno yanayoeleweka: "Ndugu yangu, wino unakwenda wapi?" Akikualika kwenda kuona kitu, nenda. Akikuletea maziwa, kunywa. Na siku ukiulizwa swali ambalo jibu lake la kweli litakuaibisha, libebe hilo jibu ulitoe lote, kwa sababu nusu yake inaweza kumzika mtu.

Mungu akulinde na jicho linaloona upungufu mahali palipojaa. Akupe watu wa kula nao sahani moja, na akupe moyo wa kukaa nao bila kuwapeleleza. Amlinde pia huyo kijana wa ofisini kwenu, ambaye sijui jina lake.

Lemayian amefariki. Nilisikia mnadani, kwa watu waliokuwa wakipatana bei ya mbuzi, wakati wameshamaliza kumzika. Hakuna aliyeona sababu ya kuniita. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile ya varandani, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyeniita tena Paker.