Kwenda Pangani Kumwazima Baba

Kilichonitoa nyumbani Usagara ni mlango wa jikoni. Mwimo wake uliliwa na mchwa, mlango ukaanguka, na kwa miezi mitatu baba yangu, Fundi Salehe, aliyechonga nusu ya milango ya mtaa wetu, alikuwa akiutazama tu. Chama cha kuhifadhi zana na kazi za kale cha Pangani kilichukua tezo yake ya kuchongea mbao, na tangu hapo hakugusa hata msumari. Akila matonge mawili anasukuma sahani. Niliogopa kwamba nitamzika kwa ajili ya tezo.

Saa moja asubuhi niliondoka. Nilizungukia Muheza kununua mfuko wa machungwa, maana mkono mtupu haulambwi.

Saa tano nilikuwa Pangani. Mwenyekiti, Mzee Kombo, alikuwa barazani na wazee wanne, maseremala wote, kila mmoja na kikaratasi cha namba shingoni. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa na miguu mitatu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Usikae hapo, benchi limevunjika."

Nikamuuliza mafundi watano wanashindwaje na benchi moja. Akanisimulia historia ya chama. Mwanzoni walihifadhi zana tu, zisichakae kwa kutumiwa. Kisha fundi mmoja akafariki, akaenda na ufundi wake.

"Tukaona chombo tumekitunza, mwenye chombo anachakaa," akasema. "Tukawaandikisha na mafundi."

"Na fundi akishaandikishwa?"

"Hatumiwi."

Akafungua daftari. Tezo ilikuwa namba arobaini. Namba arobaini na moja alikuwa baba yangu. Alipewa barua, akaweka saini, na kwa kuwa ni mtu wa ahadi, akaitii bila kumwambia mtu. Nilicheka.

Nikawaambia basi naviazima vyote viwili. Wazee walijadiliana hadi adhuhuri, wakaenda kuswali, wakarudi wakamaliza machungwa. Mwishowe nikatia saini: tezo moja, mzee mmoja, kwa mwezi mmoja, virudi kama vilivyo.

"Usimweke sana juani," Mzee Kombo akaniusia.

Alasiri nilifika nyumbani. Baba aliipapasa tezo, akanung'unika kwamba wameipaka vanishi, akaomba jiwe la kunolea. Kesho yake mlango ulisimama. Akala sahani nzima, akauliza kama kuna ukoko.

Nilichojifunza ni kidogo: wale wazee hawana ubaya, wanaogopa kusahaulika, na woga huo ndio uliowakalisha kwenye benchi bovu.

Mwezi ulipotimia nilimsomea baba ile hati. Alikuwa uani akichonga mguu wa kiti cha Mzee Kombo, vumbi la mbao limemjaa nyusini.

"Imeandikwa nikurudishe, baba. Kama ulivyo."

Hakuinua kichwa.

"Wapelekee mguu huu," akasema. "Mimi waambie nimeshatumika."