Kigoda Nilichokipa Historia

Jambo hili hata mume wangu hajalisikia. Mimi nilisomea Jiografia, lakini muhula huu, mkuu wa shule yetu, hapa Matogoro, alinibebesha historia ya sanaa kwa sababu mwalimu wake amehama.

Juzi akaniambia, "Mwalimu, kesho mkaguzi ataingia darasani kwako."

Kitabu tunacho kimoja, na picha zake zimefifia. Asubuhi nikaona nyuma ya jiko la shule kigoda cheusi, kikongwe, kimejaa mistari juu. Nikakibeba bila kumuuliza mtu.

Mkaguzi alikaa nyuma, kalamu mkononi. Nikaanza: "Hii ni kazi ya mafundi wa Kingoni wa kale. Mistari hii ni alama za koo zao."

Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Kila alipokubali, nami nikaongeza, mpaka nikasema mstari mrefu kuliko yote ni mto Ruvuma. Wanafunzi wakaandika. Mkaguzi akaja mbele, akakipiga picha kwa simu yake.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa Mama Ngonyani, mpishi wetu, ameshika panga.

"Samahani, mwalimu, naomba kigoda changu. Nyama ya mgeni bado sijaikata, na huwa naikatia hapo."

Nikatamani ardhi inimeze.

Mkaguzi akaweka kidole juu ya Ruvuma yangu. "Na huu mrefu, mama?"

"Huo ni wa Jumanne, baba. Panga liliteleza."